Kisa cha Foothills Park: nafuu ya mkazi inatakiwa iishie wapi?

Jamani hii mada ya mkazi kupewa kipaumbele kwenye huduma za michezo na mapumziko za jiji, yani anayeishi ndani ya mpaka anafunguliwa usajili mapema na analipa ada ndogo, wa nje anasubiri siku kadhaa halafu analipa zaidi, naona tunaijadili juu juu sana. Wa ndani wanasema kodi ni zetu, wa nje wanasema mnatubagua, basi, kila mtu anarudi kwake na hasira zake. Mimi nataka tuchukue kisa kimoja tukichambue mpaka kwenye mifupa, cha mji wa Palo Alto kule California na hifadhi yao ya Foothills Park, sababu pale upendeleo wa mkazi haukuishia kwenye ada wala foleni, ulifika mpaka getini, na mtu wa nje aliyeingia bila kuongozana na mkazi alikuwa anatenda kosa la jinai.

Tuanze na eneo lenyewe. Ni kama ekari 1,400 za vilima, nyasi na mialoni, kuna ziwa dogo linaitwa Boronda, kuna njia ndefu za kutembea kwa miguu, na ukipanda juu Vista Hill unaiona San Francisco Bay imetandazwa chini yako. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya Dk. Russel Lee, daktari aliyeanzisha kliniki kubwa ya Palo Alto, na mwaka 1959 jiji likainunua kwake kwa kama dola 1,000 kwa ekari, jumla yake kama dola milioni 1.3, ibaki eneo la wazi isigeuzwe mitaa ya nyumba. Hifadhi ikafunguliwa 1965. Na simulizi ambayo watetezi wa lile geti wameirudia miaka na miaka ni hii: Palo Alto iliwaomba majirani wachangie gharama ya kununua, Los Altos Hills ikiwa mmojawapo, majirani wakakataa, kwa hiyo waliokataa kuchanga wasije kula.

Hapo ndo ikatoka ile sheria ndogo ya jiji. Mkazi anaingia na wageni wake, asiye mkazi akija peke yake anarudishwa, na akikaidi kitabu cha sheria kilikuwa kinaruhusu faini mpaka dola 1,000 na kifungo mpaka miezi 6. Kwenda kutembea msituni! Najua mtasema nani alishawahi kufungwa kwa hilo, lakini kosa likishaandikwa kwenye sheria kwamba ni jinai, anayesimamishwa getini au njiani hasimami kama mteja aliyekosa tiketi, anasimama kama mtuhumiwa, na kwa Mmarekani mweusi au Mlatino kusimamishwa na mtu mwenye sare ukiwa eneo ambalo "sio lako" ni jambo zito sana.

Sasa kabla sijaenda huko niseme ukweli, hoja ya majirani waliokataa kuchanga ni hoja nzito na wanaoipuuza wanakosea. Chukulia wewe ni diwani wa mji mdogo, unataka kununua ardhi uiokoe isijengwe, unawaambia wapiga kura wako watoe hela, wanakuuliza je mji wa pili utatoa ngapi, unajibu sifuri, wanakuuliza je watakuja kutumia, unajibu ndiyo wote. Nani atakubali? Hifadhi nyingi zisingenunuliwa kabisa. Na kununua ni mwanzo tu, kuna marenja (walinzi wa hifadhi), kuna kupunguza majani makavu yasishike moto (California moto sio mchezo), kuna vyoo, barabara, maegesho, kila mwaka hela inatoka. Kwa hiyo mkazi anayesema "nimechangia, nipate nafuu" ana haki ya kusikilizwa. Shida inaanza pale tunapouliza kachangia kiasi gani, lini, na nani mwingine kachangia bila kutajwa.

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wanaliruka hili. Tunaposema "kodi ya wakazi" tunafanya kama vile mfuko wa jiji unajazwa na wakazi peke yao. Palo Alto ina Stanford Shopping Center, maduka makubwa ambayo watu wa kila mji wa jirani wanakuja kununua, na kila wanaponunua kuna kodi ya mauzo na kipande chake kinaingia mfuko wa jiji. Ina kodi ya hoteli ambayo wapiga kura walikubali 2018 ipande kufika asilimia 15.5, na kodi ya hoteli kwa asili yake inalipwa na nani? Na mgeni. Mkazi hana haja ya kulala hotelini mjini kwake. Halafu kuna maelfu ya watu wanaoingia kila asubuhi kufanya kazi pale, wanakula pale, ofisi zao zinalipia majengo pale. Kodi ya majengo ndo mkazi anailipa kweli, lakini California hata hiyo ina mambo yake, tangu Proposition 13, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi 1978, inahesabiwa kwa bei uliyonunulia nyumba na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka labda nyumba iuzwe, kwa hiyo majirani wawili ukuta kwa ukuta wanaweza kulipa viwango vya mbali mno, na sehemu kubwa ya hiyo kodi inaenda shule na kaunti, jiji linapata kipande. Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu haki kwa kadiri alivyochangia, anwani ya nyumbani ni kipimo, ila ni kipimo kibovu kuliko tunavyojifanya.

Na ile hoja ya 1959 ina umri wake pia. Familia iliyohamia Palo Alto mwezi uliopita haikuchanga hata senti kwenye ule ununuzi ila inaingia. Mzee aliyeishi pale 1959 akalipa kodi yake yote, baadaye kodi ya nyumba ikamshinda akahamia mji wa pili, anarudishwa getini. Kama ni haki ya aliyechanga, hawa wawili wamebadilishana viti.

Lakini kinachoniuma zaidi ni East Palo Alto. Kwa asiyejua, East Palo Alto sio mtaa wa Palo Alto, ni mji mwingine kabisa, ng'ambo ya barabara kuu ya 101, kaunti nyingine hata, San Mateo. Katikati ya karne iliyopita watu weusi walizuiwa kununua nyumba sehemu nyingi za eneo lile, kulikuwa na hati za nyumba zenye masharti ya rangi, kulikuwa na benki zinazokataa kukopesha, kulikuwa na madalali wanaowatisha wazungu kwamba weusi wanakuja uzeni haraka, na matokeo yake East Palo Alto ndo ikawa mahali watu weusi wa eneo lile walipoweza kuishi, baadaye Walatino nao wakajaa. Palo Alto yenyewe mpaka leo wakazi weusi ni kama asilimia 2 tu. Sasa weka hiyo sheria ya geti juu ya ramani hiyo. Sheria haikutaja rangi popote, ilitaja anwani, lakini anwani zilikuwa zimeshapangwa kwa rangi kabla geti halijajengwa.

Na ile "tuliwaomba wachange wakakataa"? East Palo Alto imekuwa mji wenye halmashauri yake mwaka 1983. Mwaka 1959 hakukuwa na baraza la madiwani wa East Palo Alto wa kuombwa wala mfuko wa jiji wa kuchangia, lilikuwa eneo chini ya kaunti tu. Watoto wake wakaja kufungiwa nje kwa miongo kwa sababu ya mchango ambao mji wao usingeweza kuutoa, haukuwepo. Hili peke yake kwangu linaivunja hoja ya geti, ingawa haliivunji hoja ya nafuu, na tofauti hiyo naomba muishike.

Kuna lingine linalohusu watoto. Baada ya kesi ya Tinsley, iliyopinga utengano wa rangi mashuleni, kumalizwa kwa makubaliano mwaka 1986, watoto wa eneo la shule la Ravenswood, ambalo ndo linabeba East Palo Alto, wamekuwa na mpango wa kuhamia kwa hiari kusoma shule za wilaya za jirani, Palo Alto ikiwemo. Kwa hiyo una mtoto anakaa darasa moja na mwenzake wa Palo Alto mwaka mzima, Jumamosi mwenzake anaenda ziwani Boronda na wazazi wake, yeye na wazazi wake wakija wenyewe wanageuzwa. Na sio East Palo Alto tu, wilaya ya shule ya Palo Alto inachukua pia watoto wanaoishi ndani ya eneo la chuo kikuu cha Stanford na sehemu ya Los Altos Hills, ambao kwa kitabu cha jiji sio wakazi. Mipaka ya shule, ya jiji, ya kaunti na ya maisha ya mtoto havilingani hata kidogo, halafu tunachukua mmoja wa mipaka hiyo tunaupa nguvu zote.

Tukija kwenye mtiririko wenyewe: watu walijaribu kulifungua geti kwa miaka, wanasiasa wengi wakiliona kama kaa la moto. Kamisheni ya jiji ya hifadhi na burudani ikapendekeza majaribio madogo, vibali 50 kwa siku kwa wasio wakazi. Hamsini! Kwenye ekari 1,400. Pendekezo likakaa mezani. Ikaja 2020, George Floyd, Mmarekani mweusi, akauawa na polisi Minneapolis mwezi wa 5, miji yote ya Marekani ikaanza kuulizwa maswali, viongozi wa jamii wakaiandikia Palo Alto kudai hifadhi ifunguliwe, LaDoris Cordell akiwa mstari wa mbele, jaji mstaafu na diwani wa zamani wa mji huohuo. Mwezi wa 8 baraza likakubali majaribio ya mwaka mmoja ila likaambatanisha sharti kwamba suala liende kwa wapiga kura 2022. Yani haki ya mtu wa nje iamuliwe kwa kura na watu wa ndani peke yao. Hapo uvumilivu ukaisha. Mwezi wa 9 ikafunguliwa kesi mahakama ya kaunti ya Santa Clara, tawi la San Jose na Silicon Valley la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, likiwa mmoja wa wadai pamoja na watu binafsi akiwemo Cordell, ACLU ya Northern California, shirika la kutetea haki za kiraia, ikisimama nao. Tarehe 2 Novemba baraza likakubali kumaliza kesi, na tarehe 17 Desemba 2020 geti likafunguliwa kwa kila mtu, na jiji likafungwa mikono kwa amri ya kudumu lisirudishe kigezo cha ukazi kwenye kuingia.

Kilichobeba kesi kisheria ni kitu ambacho wengi hawakitarajii. Mbali na historia ya ubaguzi wadai walileta hoja ya uhuru wa kutembea na uhuru wa kujieleza: hifadhi ya umma kwa desturi ya sheria za Marekani ni uwanja wa watu kukutana, kuongea, kugawa vipeperushi, kukusanya saini, na huwezi kuufunga kwa kundi zima la watu kwa sababu ya wanakolala. Na hoja hiyo ilishawahi kushinda kwingine. Connecticut, mji wa Greenwich, ufukwe wa Greenwich Point ulikuwa wa wakazi na wageni wao tu, mwanafunzi wa sheria aliyetoka Stamford, mji jirani, alizuiwa 1994 alipotaka kukimbia mazoezi pale, akashtaki, na 2001 mahakama kuu ya jimbo ikasema sheria ile inavunja uhuru wa kujieleza kwa katiba ya nchi na ya jimbo pia. Kwa hiyo mwaka 2020 Palo Alto hawakuwa wanaingia gizani, mfano ulikuwepo miaka 19.

Ila angalieni upande wa ada sasa, maana huku ni hadithi tofauti kabisa. Mwaka 1978 kwenye kesi ya Baldwin dhidi ya tume ya wanyama na samaki ya Montana, mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliruhusu jimbo kumtoza mwindaji wa nje mara nyingi zaidi ya mkazi, leseni ya mchanganyiko ya kuwinda elk (kulungu mkubwa) na wanyama wengine kwa wa nje ilikuwa dola 225 na kwa mkazi dola 30, na majaji wakasema burudani ya kuwinda sio haki ya msingi kiasi cha kulazimisha usawa kati ya wakazi na wasio wakazi. Upande mwingine New Jersey 1972, mji mdogo wa Avon-by-the-Sea ulikuwa unawatoza wa nje zaidi ufukweni, jirani yao Neptune City akaenda mahakamani, na mahakama kuu ya jimbo ikasema ufukwe wa bahari ni amana ya umma wote, toza kama unatoza lakini bei iwe moja kwa wote bila upendeleo. Kwa hiyo jibu linategemea kitu chenyewe ni nini. Bahari haikutengenezwa na mji wowote. Darasa la kuogelea la saa 10 jioni kwenye bwawa la jiji, lenye mwalimu analipwa na jiji, limetengenezwa na mji.

Na kuna kanuni moja ya serikali kuu ya Marekani ambayo kwangu ndo kipande chenye akili zaidi kwenye mada hii yote na haisemwi. Kuna mfuko ulioanzishwa na sheria ya 1964, Land and Water Conservation Fund, unaosaidia majimbo na miji kununua na kuendeleza maeneo ya burudani ya nje kwa kuchangia mpaka nusu ya gharama. Eneo likishapokea hela za mfuko huo, masharti yanaambatana nalo: hairuhusiwi kubagua kwa ukazi, ikiwemo kumpa mkazi kipaumbele kwenye kubuku au kwenye vibali vya mwaka, mfumo wa kubuku uliopo kwa mkazi lazima uwepo kwa wa nje na kwa kipindi kilekile, ila ada zinaweza kutofautiana kwa kiasi cha haki, na ya wa nje isizidi mara mbili ya mkazi.

Mmeona walichofanya? Bei wameruhusu kutofautiana, foleni wamekataa.

Wengi wetu tungefanya kinyume. Tungesema bei iwe moja maana bei tofauti inaonekana ubaguzi, ila mkazi aanze kujiandikisha mapema, hilo halimuumizi mtu. Linaumiza, tena sana. Chukua darasa la nafasi 20 ambalo linagombaniwa. Wakazi wanafunguliwa Jumatatu, wa nje Jumatatu ya pili. Jumatatu ya kwanza mchana nafasi 20 zimekwisha. Wa nje anaingia kwenye mtandao Jumatatu ya pili anakuta imejaa, na kwenye karatasi mpango ulikuwa "wazi kwa wote". Dirisha la mapema kwenye huduma yenye foleni ni geti lilelile la Foothills, tofauti ni kwamba halina mlinzi na halina faini kwa hiyo hakuna wa kulishtaki wala kuliandikia habari. Kwenye huduma isiyo na foleni, darasa linalobaki na viti vitupu kila msimu, dirisha la mapema halina kazi yoyote. Yani linafanya kazi pale tu linapofungia watu nje.

Najua jibu la wa ndani hapa, na ni la haki: basi mtoto wangu akose bwawa la mji wake kwa ajili ya mtoto wa mji ambao umekataa kujenga bwawa? Ndo maana sisemi mkazi asipate kitu. Nasema apewe kwa njia inayoonekana na inayopimika. Ukitaka kulinda nafasi za wakazi sema wazi, nafasi 14 kati ya 20 ni za wakazi, 6 ni za yeyote, siku moja saa moja usajili unafunguka, na za wakazi zisipojaa mpaka tarehe fulani zinaachiwa. Hapo kila mtu anajua anagombania nini. Kwa maeneo yaliyopokea hela za ule mfuko wa serikali kuu hata hiyo isingekubalika, ila miji mingi mabwawa na kumbi zake hazina masharti hayo, na kwa hizo mgao wa wazi unashinda dirisha la mapema kwa mbali.

Kwenye ada pia kuna hesabu rahisi ambayo madiwani wanaikwepa. Kama ada ya mkazi inagharamia asilimia 70 ya gharama halisi ya darasa na kodi inajazia 30, basi wa nje ambaye hajajazia alipe gharama kamili, ambayo ni kama asilimia 43 juu ya ya mkazi. Hapo hajaonewa na mkazi hajaibiwa. Kama kodi inajazia nusu, wa nje analipa mara mbili, na ona kwamba mara mbili ndo dari ya ile kanuni (hiyo hesabu ni yangu, sijasema ndo waliyotumia, ila inaangukia palepale). Kama darasa linajilipia lenyewe kwa ada, kodi haijaweka kitu, basi nyongeza kwa wa nje haina msingi wowote, ni kumtoza mtu kwa sababu unaweza. Na madarasa ya watu wazima, yoga, dansi, ligi za mpira wa jioni, mara nyingi yanapangwa yajilipie! Miji mingi inaweka nyongeza moja juu ya kila kitu, la watoto la watu wazima, lenye ruzuku lisilo na ruzuku, maana ni rahisi kwa programu ya usajili. Urahisi wa programu sio sababu ya kumtoza mtu.

Pingamizi langu mwenyewe dhidi ya njia ya bei ni hili, bei inamgonga maskini. Tajiri wa Los Altos Hills atalipa mara mbili bila kugeuza shingo, mama wa East Palo Alto mwenye watoto watatu hatalipa. Kwa hiyo ukiifuata kanuni ya ada peke yake umebadilisha tu nani anafungiwa. Ndo maana punguzo la kipato lisifungwe kwa anwani. Miji mingi inatoa msaada wa ada kwa familia za kipato kidogo ila lazima uwe mkazi, kwa hiyo asiye mkazi maskini anakula vyote viwili, nyongeza juu na punguzo hapati. Angalau wale ambao jiji lenyewe limekubali kuwahesabu kama wake kwa njia nyingine, watoto wanaosoma shule za mji na watu wanaofanya kazi mjini, wapewe ada ya mkazi. Stanford na Ravenswood ni mfano mzuri, mtoto ameshakuwa wa shule yako, kwanini kambi ya likizo imgeuze mgeni?

Turudi kwenye Foothills, kilichotokea baada ya kufunguliwa. Waliotabiri msongamano hawakuwa waongo, na wapenzi wa kufungua wasifiche hili. Ilikuwa katikati ya korona, watu wamechoka kukaa ndani, mwisho wa wiki magari yakapanga foleni barabarani. Jiji lilikuwa limeanza na ukomo wa watu 750 kwa wakati mmoja, likaja kuushusha, na mapema 2021 likaweka kiingilio cha dola 6 kwa gari, anayekuja kwa miguu au baiskeli halipi, na pasi za mwaka zikawekwa kwa wanaokuja mara kwa mara, ya mkazi ikiwa nafuu kidogo. Jina likabadilishwa pia, sasa ni Foothills Nature Preserve, kuweka mkazo kwamba ardhi na wanyama ndo wanaolindwa. Tazama hivyo vyombo: ukomo wa idadi, kiingilio, nafuu ndogo kwenye pasi. Vyote vingewezekana tangu geti linawekwa. Kama shida ilikuwa gharama, kiingilio kingejibu. Kama shida ilikuwa watu wengi kuharibu mazingira, ukomo ungejibu, na unawabana wakazi na wageni sawasawa maana nyasi haijui unatoka mji gani. Wakati wote ule mji ulikuwa na dawa za matatizo iliyoyataja, ikachagua inayotibu kitu kingine.

Mkazi mwenyewe naye kuna mahali anaumia na mifumo hii na hapo hapasemwi. Uthibitisho wa ukazi karibu kila mahali ni bili ya umeme au maji, leseni ya udereva, mkataba wa nyumba. Nani hana hivyo kwa jina lake? Anayekaa chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya mtu, familia tatu zilizobanana nyumba moja, dada wa kazi anayelala kwa tajiri wake, mhamiaji asiye na makaratasi, anayelala kwenye gari. Wote hao wanalala ndani ya mpaka, kodi ya mauzo wanalipa, kodi ya jengo wanailipa ndani ya pango, na dirisha la wakazi linawapita kwa sababu bili ina jina la mwenye nyumba. Ukiamua kuwa na ada ya mkazi basi kubali barua ya shule, barua ya zahanati, barua ya mwajiri, au neno la mtu na saini yake, na ukague wachache baadaye. Wajanja wawili watatu wa mji jirani watapenya, sawa, wapenye. Gharama ya hao ni ndogo kuliko ya mtoto wa mji wako mwenyewe kukosa kujifunza kuogelea kwa sababu mama yake hana bili.